Mwenye Ufito Asikatizwe

Kama ulitaka kumuudhi shopstiwadi wetu, ungemkatiza mtu maneno mbele yake. Ungeweza kuchelewa mkutanoni, ungeweza kuja unanuka chang'aa, hata ungeweza kumwambia uso kwa uso kwamba chama cha wafanyakazi kimelala naye amelala nacho, wala asingekujali. Lakini mwenzako awe anasema, nawe uingize lako katikati, angekugeukia polepole na ungetamani ardhi ikumeze. Mimi alinigeukia hivyo siku moja na sitaki kuikumbuka.

Alikuwa mchuna chai kama wale wengine, mwanamke wa Kipsigis, mrefu, mabega mapana, ambaye wafanyakazi wa shamba letu walimchagua awasemee kwa meneja. Hiyo ndiyo kazi ya shopstiwadi. Aliifanya miaka mingi hata jina lake likasahaulika. Watoto wa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu safu, walimwita Kogo, yaani nyanya. Mume wake mwenyewe alimwita Shopstiwadi, na ukimsikia anamwita hivyo ujue asubuhi hiyo wamekosana.

Mimi ni mtu wa samaki. Wazazi wangu walitoka kule ziwani wakaja kufanya kazi kiwandani, nikazaliwa hapo hapo kwenye laini, kwa hivyo vilima hivi vya chai ndivyo kwetu. Najua kuna watu ambao neno hilo "kwetu" likitoka kinywani mwangu huwawasha masikio. Wajikune. Nilikuwa na kibanda cha omena na mbuta kwenye kisoko cha nje ya geti la shamba, na shopstiwadi alikuwa mteja wangu, ingawa hangekubali. Alisema samaki ni ndugu ya nyoka, na kwamba omena anazonunua ni za kuku. Kuku wenyewe sikuwahi kuwaona. Nilimuuliza kama hao kuku wanapenda ziwekwe nyanya na vitunguu, akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

Sasa, habari ya ufito. Kwa asiyejua kazi ya chai, ufito ni kijiti kirefu chepesi ambacho mchunaji hukilaza juu ya michai ili achune usawa, asiache jani limechomoza hapa na pengine pamekuwa shimo. Jioni, majani yakishapimwa, watu walikuwa wanabaki mbele ya kibanda cha mizani kusema shida zao, na shopstiwadi aliuchukua ufito wake akaufanya kibali. Anayeushika anasema. Asiyeushika ananyamaza. Hakuna makofi, hakuna kuzomea, hakuna kile kikohozi cha dharau. Ukimaliza unaulaza chini, mwingine anauokota.

Kulikuwa na sharti la pili, na hili watu walilishika kama kiapo. Lililosemwa na mwenye ufito halibebwi kwenda ofisini wala kwa polisi. Zamani kuna mzee aliyefutwa kazi kwa sababu ya neno alilolisema pale, mdaku akalikimbiza kwa meneja kabla mvuke wa chai ya jioni haujatulia. Shopstiwadi aliapa kwamba haitatokea tena, na haikutokea. Wasimamizi walimwita ofisini mara kwa mara wakitaka kujua nani alisema nini, naye aliwajibu kwamba masikio yake yameziba kwa vumbi la majani.

"Maneno ya mtu ni kama jipu," alipenda kusema. "Likiwa ndani hulioni. Litoke, ndipo tujue dawa."

Na alivumilia majipu, jamani. Kulikuwa na mlevi mmoja aliyeushika ufito jioni ya mvua akatueleza habari ya mbuzi wa shemeji yake tangu anazaliwa mpaka anachinjwa, nasi tumesimama tumelowa, na shopstiwadi akisikiliza kwa makini kana kwamba ni habari ya mishahara. Alipomaliza, alimuuliza swali kuhusu yule mbuzi. Nilitamani kumrushia mtu kiatu.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumaliza sentensi. Binti yake alipotaka kuhamia kanisa lingine alianza tu kusema "Mama, nimefikiria", na hapo ndipo fikira zake zilipoishia. Mume wake, mtu mpole aliyefuga ng'ombe mmoja na kumpenda kuliko watu, aliniambia siku moja, akitazama nyuma kwanza, kwamba angefurahi sana kuushika ule ufito hata jioni moja tu, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilipomfikishia shopstiwadi maneno hayo kwa utani, alisema nyumba si mkutano. Tukaachia hapo.

Mimi mwenyewe ufito ule ulinifaa. Wakati wa mgomo wa mashine, nitaueleza sasa hivi, vijana waliziba barabara ya shamba kwa mawe, wakarudisha gari lililokuwa limembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Alijifungulia njiani, Mungu akasaidia. Jioni ile niliuokota ufito nikasema kwamba mgomo ni haki na mimi nauunga mkono, lakini jiwe halijui kubagua gari la meneja na gari la mzazi. Watu waliguna. Mmoja akasema huyu hata si mfanyakazi, aende akauze samaki. Shopstiwadi alisimama.

"Anauza pale mnapokula," alisema. "Mwacheni amalize."

Nikamaliza. Kesho yake mawe yaliondolewa, na hakuna aliyeniwekea kinyongo, au kama alikuwepo hakunionyesha. Kwa hivyo ninapomlaumu shopstiwadi, na nitamlaumu, jueni kwamba namlaumu nikiwa na deni lake la heshima.

Mgomo wenyewe ulikuwa hivi. Kampuni ilileta mashine za kuchuna chai, na mashine moja ikawa inafanya kazi ya kundi zima la watu. Wachunaji wakaanza kurudishwa nyumbani. Miongoni mwao alikuwa mama wa kijana mmoja aliyekuwa akiendesha trekta la kubeba majani. Kijana yule tulimjua wote. Alikuwa mcheshi, mwimbaji wa kanisa, akinunua samaki kwangu na kuniambia "weka ya juu, mama", nami ninaongeza. Jioni ya kwanza aliyoshika ufito alisema habari za mama yake, vidole vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa majani hata Krismasi havitakati, na jinsi alivyorudishwa nyumbani na blanketi moja la kumshukuru. Alisema vizuri. Nililia, na waliokuwa karibu nami walilia.

Jioni ya pili alianza na mama yake tena, halafu akauliza kiwandani wamebaki akina nani. Akajijibu mwenyewe. Akasema kabla ya mashine kulikuwa na wageni, na kwamba mgeni akishazoea kiti anamwonyesha mwenye nyumba mlango. Hakututaja kwa jina, lakini watu waligeuza shingo wakatutazama, mimi na wenzangu wachache tuliotoka upande wa ziwa. Mimi nilimtazama shopstiwadi. Yeye alikuwa anatazama chini. Yule kijana alimaliza yote aliyokuwa nayo, akaulaza ufito, na hapo ndipo shopstiwadi alipouokota na kumjibu. Alisema mashine haikumuuliza mtu kabila. Aliwataja wanawake wa kila upande waliorudishwa siku moja na mama wa kijana, mmoja mmoja. Lilikuwa jibu zuri, lakini watu walikuwa wameanza kutawanyika, maana mvua ilikuwa inakuja na lililo tamu walishalisikia.

Nilimfuata mpaka kwake. Alikuwa anapuliza moto. Nilimwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba ufa ameuona kwa macho yake akaukalia kimya. Hakukasirika. Alinisogezea kigoda, akanimiminia chai, akasema kwamba akimnyamazisha yule leo, kesho atatokea mtu wa kuuliza kwa nini hakuninyamazisha mimi nilipowasema vijana wa mawe. Akasema pia kwamba kijana ana uchungu wa mama yake, na mwenye uchungu akizibwa mdomo husema kwa mikono. Nikamwambia lisemwalo lipo, kama halipo laja.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana nataka kulisikia."

"Wewe unalisikia, mama. Mimi ndiye naambiwa."

Akauchochea moto, na mimi sikumaliza ile chai. Niseme ukweli, mpaka leo sijui ningefanya nini kama ningekuwa mahali pake. Nimewaza mara nyingi nikipaa samaki. Kuna maneno yanayoudhi tu, na huyo aliyeudhika anywe maji alale. Kuna mengine yanayofungua mlango ili mtu apite na kiberiti. Shida ni kwamba jioni ile ya pili, kwa masikio ya kawaida, yalikuwa yanafanana.

Jioni ya tatu hayakufanana na kitu. Kijana aliushika ufito akatuita madoadoa. Akasema shamba lina madoadoa, na doa hufuliwa. Akasema Jumamosi, siku ya soko, awe hajabaki hata mmoja.

"Jumamosi," akarudia, "na kama kuna mtu hajasikia, milango yao tunai..."

Shopstiwadi alikuwa ameshamfikia. Aliuchukua ufito mkononi mwake katikati ya neno. Kwa miaka yote aliyouweka pale hakuwahi kumfanyia mtu hivyo, wala yule mlevi wa mbuzi. Watu walishtuka kuliko walivyoshtushwa na maneno yenyewe, na hilo liliniuma. Wakaanza kunong'ona kwamba amevunja sheria yake, kwamba analinda wageni. Kijana hakumgusa wala hakumtukana. Alitabasamu, akaondoka, na karibu nusu ya mkutano ikamfuata.

Kuanzia hapo hakuhitaji ufito. Alisema kwenye simu, katika yale makundi ambayo sauti ya mtu inapita mkono kwa mkono, na huko hakuna mtu wa kukuondolea kitu wala wa kukujibu ukimaliza. Sisi hatukuwa kwenye hayo makundi. Tulisikia vipande tu, kwa wateja waliotuonea huruma.

Jumamosi mchana, soko limejaa, vibanda vya upande wetu viliwaka. Cha kwangu kilikuwa cha kwanza au cha pili, sikusimama kuangalia. Kibanda cha mjane mmoja wa Kipsigis aliyeuza mboga karibu nami kiliungua pia, maana moto haukuuliza. Shopstiwadi alikuja mbio kutoka shambani na aproni yake ya plastiki kiunoni, akaingia kwenye moshi kuvuta magunia yangu, na ile plastiki ikaanza kuyeyuka mpaka mjane yule akamvua kwa nguvu. Hakuna aliyekufa. Nashukuru, na nimechoka kuambiwa nishukuru.

Nani alipiga kiberiti, sijui. Yule kijana hakuonekana sokoni siku hiyo. Lakini najua nani alitaja siku. Polisi walipokuja kuuliza kama kuna mtu aliyetoa vitisho, wafanyakazi wote walitazamana wakanyamaza. Lililosemwa na mwenye ufito halibebwi. Wengine walijificha nyuma ya sharti hilo kwa furaha, wengine kwa aibu. Mimi nilisema nilichosikia, nikaambiwa mlalamikaji anahitaji shahidi. Nikamwangalia shopstiwadi. Alikuwa na mkono umefungwa kitambaa kwa ajili ya kuungua, mkono ulioungua kwa magunia yangu, na hakufungua mdomo.

Nilihamia Soin, kule chini kwenye joto, karibu na samaki na mbali na chai. Naye baadaye alistaafu, akaenda upande wa Merigi kwenye kishamba chao, yeye na mume wake na yule ng'ombe. Alikuwa akinitumia salamu na mursik kwa wafanyabiashara wanaoteremka, yale maziwa yao mazito ya mgando yenye mkaa wa mti. Nilikunywa mursik. Salamu sikurudisha. Niliwaambia watu kwamba yule mama alimpa kila mtu mdomo, ila siku yangu ulipohitajika wa kwake, akaufunga. Nililisema kwa hasira na bado nalisema.

Halafu kikaja kipindi hiki cha vijana kuandamana mijini kwa sababu ya kodi na kwa sababu ya wenzao waliouawa. Binti yangu Akinyi anasoma chuo Kericho mjini, naye aliandamana. Nilimkataza, hakusikia, na nilipomwona kwenye simu ya jirani amebeba kipande cha boksi lililoandikwa, niliogopa na kujivuna kwa wakati mmoja. Jioni alinipigia akanieleza kwamba walitembea kwa amani, wakaimba wimbo wa taifa, polisi wakaja wakawakamata waliokuwa mbele. Mmoja ni mtu wa bodaboda, mwimbaji mzuri, aliyekuwa akigawa maji. Akanitajia jina, na lilikuwa la yule kijana wa trekta. Akinyi alikuwa mdogo soko lilipoungua, hakumjua. Nilikaa chini. Nilifurahi kwamba wamemkamata, hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yangu ya kwanza, na mara hiyo hiyo nikajua kwamba kosa waliloandika juu yake ndilo wangeandika juu ya mwanangu.

Siku ya soko, shopstiwadi alikuja Soin. Alikuwa amezeeka, jasho linamtoka, analilaani joto la kwetu kama mtu aliyetukanwa. Nilimpa kiti kwa sababu ya umri wake. Tulisalimiana kwa muda mrefu kama inavyopasa, habari za mume, habari za ng'ombe, habari za mtoto. Ndipo akasema kwamba mama yake yule kijana alifariki, hana mtu wa kumdhamini, na yeye ameombwa asimame kortini. Hakutaka nilisikie kwa wengine.

Nilimwambia aende, njia anaijua. Nilimwambia kwamba kibanda changu kilipoungua alikuwa bubu, na leo amepona kwa ajili ya aliyekiunguza. Nilisema mengi, kwa sauti, na wateja wakaacha kuchagua samaki. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipoishiwa, alisema kwamba juzi kijana alitembea mikono mitupu akisema neno lake, na hilo si kosa. Akasema siku ile ya ufito lilikuwa kosa, na yeye alilificha kwa sababu ya sharti aliloliweka kuwalinda wanyonge. Halijamwacha alale.

"Nitasema yote mawili," akasema.

"Anza na langu."

Aliufuta uso kwa ncha ya leso. "Nikianza na lako, Mama Akinyi, huenda wasimwachilie."

Nilimfikiria Akinyi na boksi lake. Kweli nilimfikiria.

"Anza na langu," nikasema.

Nilienda kortini, mimi na Akinyi, tukakaa benchi ya nyuma. Walikuwepo watu wa shamba, wengi, wamekuja kwa ajili ya kijana. Hakimu alimuuliza shopstiwadi anamjuaje mshtakiwa. Akasema anamjua kwa jioni tatu, akaieleza ile ya tatu: neno madoadoa, siku ya Jumamosi, kibanda changu. Mtu mbele yangu akafyonya, akasema kwa Kipsigis kwamba Kogo amebeba maneno ya ufito. Hakimu alimwambia kwa upole kwamba jambo hilo halina faili mbele yake.

"Najua, mheshimiwa," alisema. "Ndiyo sababu nimelileta kwa mdomo."

Aliruhusiwa kuendelea na la pili tu. Akasema mtu asifungwe kwa kutembea na kuimba, hata huyu, na kwamba kwa hilo anaweka shamba lake dhamana. Alisema hayo amemtazama kijana, na sauti yake haikuwa ya mtu anayemtetea ampendaye. Kijana hakuinua kichwa. Mchana akaachiliwa kwa dhamana.

Tulikutana naye getini, hakukuwa na njia nyingine ya kutokea. Alikuwa amekonda. Alimwona Akinyi, akamtambua kutoka barabarani, halafu akaniona mimi, na kwa muda hakujua aweke wapi mikono yake.

"Habari, mama," akasema.

Kwetu, kwao, popote katika vilima hivi, mtu akikusalimu unaitikia, hata kama mna kesi. Akinyi aliniangalia, akasubiri. Watu wa shamba walisimama wakasubiri. Mimi nilinyamaza.

Shopstiwadi alikuwa hapo pembeni yangu, ameniona. Hakuniambia niitikie.